Mlango wa nyuma wa Kombi T3 uliokaa upande: anza na bawaba, kitasa kije mwisho

Swali la msomaji

Salaam mtaalamu. Ninafufua Volkswagen T3 Westfalia ya 1984, ile Kombi ya kulala yenye paa la kuinuka, injini ya petroli ya lita 1.9. Kona zote mbili za chini za uwazi wa mlango wa nyuma zilikuwa zimeliwa na kutu, tukazikata na kuchomelea bati jipya. Wakati wa kazi hiyo mlango ulitolewa, kisha ukarudishwa pamoja na mpira mpya. Sasa umekaa upande. Nikisimama nyuma ya gari, mwanya juu ya bawaba ya kulia ni milimita 3, juu ya bawaba ya kushoto ni 6. Ubavuni, sehemu ya juu ni 6 pande zote mbili, lakini chini kushoto ni 10 na chini kulia ni 2. Bawaba zimeachana sentimita 80, na vipimo vya chini nimevichukua sentimita 110 chini ya bawaba. Mlango haufungi mpaka niubamize kwa mikono miwili, na nikiwa barabarani harufu ya moshi inaingia ndani. Fundi anataka kusogeza chuma cha chini kinachokamatwa na kitasa kiende kushoto ili kiuvute mlango, na ikishindikana aupinde mlango wenyewe. Rangi bado haijapigwa. Nimruhusu?

Jibu

Hapana, asifanye lolote kati ya hayo mawili, angalau si sasa. Una bahati kubwa kwamba rangi haijapigwa, kwa sababu kazi yote nitakayoeleza hapa inafanyika gari likiwa bado na praima, yaani rangi ya msingi. Na umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi: umepima ukaandika. Vipimo vyako vinatosha kuonyesha ugonjwa uko wapi hata kabla ya kushika spana.

Tazama hesabu. Juu, upande wa kulia umepanda kuliko wa kushoto kwa milimita 3 katika umbali wa sentimita 80. Mlango ukizunguka kiasi hicho, chini yake lazima utembee kwenda kulia. Utatembea kiasi gani? Zidisha 3 kwa 110, gawa kwa 80: unapata milimita 4 na kidogo. Ubavu wa kushoto ulikuwa 6 juu. Ongeza 4, unapata 10 chini. Ubavu wa kulia ulikuwa 6 juu. Toa 4, unabaki na 2. Ndizo namba zako hasa. Maana yake mlango haujapindika, na uwazi wake haujaenda mshazari. Mlango umezunguka tu, kama picha iliyotundikwa ukutani kwa misumari miwili isiyolingana. Ama bawaba ya kulia imefungwa juu mno, ama ya kushoto imefungwa chini mno au imelika ikashuka.

Hesabu ingekataa, ingekuwa habari nyingine. Tuseme juu tofauti ni milimita 3 lakini chini mlango umetembea milimita 1 tu: hapo ungejua uwazi wenyewe umevutwa wakati wa kuchomelea, na bawaba haziwezi kuponya hilo. Kwa hiyo hata kama namba zako zinapendeza, pima ulalo wa uwazi mara moja kabla ya kuendelea, kwa sababu kona zote mbili zilikatwa. Usitumie futi ya kamba, italegea katikati. Chukua fito mbili nyembamba zilizochongwa ncha, zishike pamoja zikipishana, zinyooshe kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, zifunge kwa tepu mahali zinapopishana, kisha zihamishie kwenye ulalo wa pili. Tofauti ya milimita 2 au 3 inavumilika. Ikizidi 5, rudi kwa mchomeleaji kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu kile chuma cha chini, nitakiita kipokeo. Kazi ya kipokeo ni kumshika aliyekwisha kufika mahali pake. Ukikitumia kuuvuta mlango milimita 4 kushoto, kila unapofunga kitasa kitajikwaruza ubavuni, bawaba zitasokotwa, na mlango utajaribu kurudi kulia kila gari linapopita kwenye shimo. Kitasa kitalika ndani ya miezi michache, na mianya ya juu itabaki vilevile imepinda.

Vua kila kinachodanganya

Mlango wa nyuma wa T3 ukiwa umefungwa husukumwa na vitu vinne kwa wakati mmoja: mpira, shokapu mbili za gesi zinazouinua, kipokeo, na stopa za mpira (vizuizi vidogo ambavyo mlango huviegemea) kama zimewekwa. Kila kimoja kinaweza kuficha kosa la kingine. Ndiyo maana mtu anarekebisha bawaba kutwa nzima, jioni anafunga mlango na hakuna kilichobadilika. Vyote hivyo vitoke, ubaki na bawaba peke yake.

Gari lisimame juu ya magurudumu yake, mahali palipo sawa, matairi yana upepo sawa, na paa la kuinuka limeshushwa na kufungwa. Usipange mlango gari likiwa juu ya stendi. Westfalia imekatwa sehemu kubwa ya paa, na bawaba za paa la kuinuka ziko huku nyuma, jirani na bawaba za mlango wako. Bodi ya namna hiyo hucheza kidogo ikishikwa mahali pasipo pake, nawe utapanga mlango kwa umbo ambalo gari halitakuwa nalo barabarani.

Kioo kibaki mlangoni kama kimo. Kama kimeshatolewa, funga mfuko wa mchanga wenye uzito unaokaribia wa kioo sehemu ya ndani ya mlango, kwa sababu bawaba zenye uchakavu hukaa tofauti zikibeba uzito kamili.

Kutoa shokapu ni kazi ya watu wawili, na hapa uwe makini kweli. Fungua mlango mpaka mwisho, uegemeze kwa ubao mrefu uliofungwa kitambaa kichwani, na mwenzako aushike. Kwenye ncha ya shokapu kuna kibano kidogo cha waya. Kiinue kidogo tu kwa bisibisi bapa, usiking'oe, kisha vuta ncha itoke kwenye kichwa chake cha mviringo. Shokapu ya kwanza ikitoka mlango unaweza kubaki juu ukakupa imani ya bure. Ya pili ikitoka, unashuka na uzito wake wote juu ya kichwa au vidole. Ubao usiondoke.

Kisha toa kipokeo. Zungushia alama ya penseli au msumari mahali kilipokuwa ili ujue pa kuanzia baadaye. Toa mpira wote. Stopa zizungushe ziingie ndani kabisa au zing'oe.

Ukiwa hapo, angalia bomba la mpira lenye waya karibu na bawaba, zile za kioo cha joto, waipa na taa ya namba. Miaka arobaini ya kufungua na kufunga huzikata waya hizi ndani ya ganda lake bila kuonekana nje. Zivute kidogo moja moja; inayovutika kama mpira imekatika ndani. Zibadilishe kwa waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, uache ulegevu wa kutosha ili zisibane mlango ukishuka.

Uchakavu kwanza, bolti baadaye

Mwenzako ainue mlango mpaka nusu. Shika kona ya chini kushoto, inua na kushusha kwa mkono, huku kidole cha mkono mwingine kimekaa juu ya maungio ya bawaba ya kushoto, nusu kwenye kipande cha bodi na nusu kwenye kipande cha mlango. Kama pini imelika utaihisi ikigonga chini ya kidole. Rudia kulia. Upande wa kushoto ndio ninaoushuku zaidi kwako, kwa kuwa ndio ulioshuka, ingawa huenda ni bolti tu zilizorudishwa bila alama.

Pini iliyolika haiponywi kwa kusogeza bolti. Utapanga leo, na baada ya safari moja ya barabara mbovu mlango utashuka tena. Badilisha bawaba, au mpe fundi wa mashine apanue tundu na kuingiza bushi na pini mpya inayokaa bila kucheza. Bawaba iliyokauka tu, isiyocheza, inyweshe mafuta ya kulainisha kutu, ifungue na kuifunga mara nyingi mpaka mafuta yanayotoka yawe safi, halafu weka mafuta ya injini matone machache.

Kusogeza

Bolti za bawaba zenye kichwa cha namba 13 ni za M8. Za upande wa mlango unaziona mlango ukiwa wazi; za upande wa bodi zinafikiwa ukishusha ukingo wa nyuma wa dari ya ndani. Zinyweshe mafuta ya kulainisha kutu siku moja kabla. Ikigoma, usiongeze bomba kwenye spana: nati zake ni vipande vilivyofungiwa ndani ya bati, na kimoja kikivunjika kikaanza kuzunguka huko ndani utalazimika kukata bati kukifikia. Pasha joto, ngoja ipoe kidogo, rudisha mbele robo mzunguko, kisha nyuma.

Kabla ya kulegeza, chora mstari mwembamba kwa msumari kuzunguka kila bapa la bawaba, upande wa mlango na upande wa bodi. Kalamu ya wino itafutika kwa mafuta. Mstari huo ndio utakaokuonyesha umesogea kiasi gani, kwa sababu jicho halioni nusu milimita bila kitu cha kulinganisha nacho.

Sasa, ushushe kulia milimita 3 au uinue kushoto milimita 3? Vyote viwili vingenyoosha mlango. Jibu linatoka kwenye ukingo wa chini. Ukishusha kulia, mlango wote unakaa chini na mwanya wa juu unakuwa 6 kwa 6. Ukiinua kushoto, juu panakuwa 3 kwa 3, pembamba mno kwa gari ambalo bado halijapigwa rangi. Kwa hiyo anza kwa kushusha kulia milimita 2 na kuinua kushoto milimita 1, upate 5 kwa 5, kisha utazame chini kama mlango haukaribii mno kizingiti na kama mistari ya bodi inapita kutoka ubavuni hadi mlangoni bila kuvunjika. Ukiona uko chini, panda. Ukiona uko juu, shuka. Lakini sasa pande zote mbili kwa kiasi sawa.

Legeza bolti za upande mmoja tu wa kila bawaba, na zilegee kidogo tu, mlango utembee ukisukumwa lakini usianguke. Ukilegeza za mlango na za bodi pamoja unapoteza mahali pa kuanzia. Kabla ya kuchagua upande upi, sogeza bapa kwa mkono uone matundu yanakuruhusu kwenda wapi: juu na chini, au ndani na nje.

Shusha mlango ufungike, usukume kwa kabari za mbao au plastiki mwanyani. Kwa kupimia, hakuna kifaa kizuri na rahisi kuliko mashina ya biti za drili. Biti ya 5 ikipita bila kubanwa na ya 6 ikikataa, mwanya wako ni kati ya 5 na 6. Nenda nayo kutoka juu mpaka chini, pande zote. Lengo langu kwenye T3 ambayo bado haijapigwa rangi ni mianya ya ubavuni ya 5.5 hadi 6.5, tofauti ya kushoto na kulia isizidi 1. Mwanya ulio sawa kote wa 6.5 hupendeza kuliko unaoanza 4 ukaishia 6, kwa sababu jicho hunasa mabadiliko zaidi ya upana.

Kumbuka na rangi inakula nafasi. Praima nzito, rangi na vanishi, kwenye kingo mbili zinazotazamana, vinaweza kupunguza mwanya kwa karibu nusu milimita. Fundi akipaka puti kwenye ukingo, zaidi. Mwanya wa 3 wa leo utakuwa mahali pa rangi kubanduka kesho.

Ukipata, kaza bolti moja ya kila bawaba kwanza, fungua, funga, pima tena, ndipo ukaze zote. Bolti ya M8 yenye alama 8.8 kichwani inatosha kukazwa kwa Nm (newton-mita) 20 hadi 25. Mlango hupenda kupanda au kujisogeza wakati wa kukaza, kwa kuwa kichwa cha bolti huburuta bapa kinapozunguka. Weka washa chini ya kila kichwa na ukaze kwa zamu.

Usawa wa uso, ndani na nje

Mianya ikishakuwa sawa, weka rula ya chuma ikilala nusu kwenye bodi na nusu kwenye mlango. Juu, mlango ukichomoza au ukizama, dawa ni vipande vyembamba vya bati chini ya bapa la bawaba. Kumbuka bawaba ni mhimili: kipande cha milimita 1 kinausogeza ukingo wa juu, hakigusi wa chini. Ukingo wa chini utashikwa na kitasa na stopa, hivyo kwa sasa usiuhangaikie ila kwa jambo moja: kona zote mbili za chini ziguse mstari wa bodi kwa wakati mmoja. Bonyeza mlango katikati kwa kiganja. Kona moja ikifika na nyingine ikabaki nje milimita 1 au 2, mpira na kitasa vitameza tofauti hiyo.

Ikibaki nje milimita 4, hapo tu ndipo neno la fundi wako la kuupinda mlango linapata maana. Hata hapo, kioo kitoke kwanza, kwa sababu kioo cha nyuma kimetiwa ugumu kwa moto na huvunjika chote mara moja. Kipande cha mbao chenye kitambaa kinawekwa kati ya mlango na bodi upande ulio sawa, na kona iliyochomoza inasukumwa kwa mikono kidogo kidogo, ukipima kila mara. Kwa namba ulizonipa sitarajii ufike huko.

Kwa nini unabamiza

Mlango kuzunguka milimita 3 hakutoshi kueleza kubamiza kwa mikono miwili. Hapa ninashuku zile kona mpya.

Mpira wa mlango huu huvaliwa kwenye ukingo wa bati uliosimama kuzunguka uwazi. Ukingo wa kiwandani ni mabati mawili yaliyobanwa pamoja. Mtu anapochomelea kona na kupandisha bati jipya juu ya lile la zamani, ukingo unakuwa wa mabati matatu, pamoja na nundu za kuchomelea. Mpira hauingii mpaka chini, unasimama juu, na kona hiyo ndiyo inayoukataa mlango. Au kona imechomelewa ikiwa imetokeza nje, matokeo ni yaleyale.

Usikisie, pima. Mpira ukiwa bado nje, tengeneza vidonge vya udongo wa kuchezea watoto, vikubwa kuliko nafasi unayotarajia, vipange juu ya ukingo kila baada ya sentimita 20, na kwenye kona kila sentimita 5. Paka mafuta kidogo upande wa mlango visigande. Shusha mlango, ubonyeze mpaka uso wake ulingane na bodi, ushikilie, kisha ufungue. Kata kila kidonge katikati kwa wembe na upime unene. Huo ndio mwili ambao mpira wako unaruhusiwa kuwa nao.

Tuseme ubavuni unapata 11, 11, 10, 11, na kona ya chini kulia 7. Tuseme pia mpira wako, ukiwa umevaliwa vizuri na haujabanwa, unasimama milimita 15 juu ya ukingo. Mahali penye 11 unabanwa kwa kama robo ya kimo chake, na mpira wenye tundu ndani hufanya kazi vizuri ukibanwa kati ya robo na theluthi. Mahali penye 7 unabanwa zaidi ya nusu. Tundu limekwisha, mpira umekuwa jiwe, na hapo ndipo nguvu za mikono yako miwili zinapoishia. Kibaya zaidi, kona hiyo inausukuma mlango nje na kuacha sentimita kadhaa za jirani yake bila kubanwa vya kutosha. Moshi unapita hapohapo, pembeni ya mahali palipobana kuliko kote.

Dawa iko kwenye ukingo. Saga nundu za kuchomelea ziwe tambarare pande zote mbili. Palipo na mabati matatu, kata lile la tatu mpaka mpira uingie wote. Palipotokeza, gonga kwa nyundo ndogo huku chuma kizito kimeegemezwa nyuma. Rudia vidonge mpaka namba za kona zikaribiane na za ubavuni kwa milimita 1. Kisha praima ya kuzuia kutu kwenye kila bati lililosagwa, siku hiyohiyo; bati tupu kwenye hewa ya chumvi halisubiri kesho.

Ukigundua ukingo uko sawa kote na mlango bado mgumu, basi mpira ni mnene kuliko unaotakiwa. Mipira mingi ya kuigiza ina mwili mgumu kuliko ule wa asili. Linganisha vipande viwili kwa vidole kabla ya kununua kama unaweza.

Kurudisha vitu

Mpira ndio unaotangulia. Anza katikati ya ukingo wa chini na uishie hapohapo, ili maungio yakae chini katikati. Kwenye kona usiuvute hata kidogo. Ukivutwa utarudi urefu wake baada ya wiki na kuacha nafasi. Badala yake usukume kuelekea kona, uwe kama umejaa. Ukifika mwisho acha ziada ya sentimita 2, ulale nao hivyo usiku mmoja, kesho yake ukate ukiacha milimita 5 za kujibana zenyewe.

Kipokeo kifuate, kwenye alama zako za zamani, bolti zikiwa zimelegea kiasi cha kusogezwa kwa mkono. Shusha mlango taratibu huku umebonyeza kitufe cha kitasa, uachie ukiwa chini: kitasa chenyewe kitakiweka kipokeo katikati. Fungua bila kukigusa, kaza. Kwenda ndani na nje kunaamua mbano wa mpira. Kata ukanda wa karatasi, ufungie mlango juu yake, uvute. Unatakiwa utoke kwa shida bila kuchanika, kila mahali. Ukitoka kirahisi chini kote, ingiza kipokeo ndani milimita 1. Ukitoka kirahisi mahali pamoja tu, tatizo ni ukingo, rudi kwenye vidonge.

Stopa za mpira zizungushe zitoke mpaka ziguse, kisha nusu mzunguko zaidi. Zipo kuzuia mlango usipige kelele, zisigeuke kuwa kizuizi kipya.

Shokapu zije mwisho, na zote mbili zibadilishwe pamoja. Moja mpya na moja iliyokufa zinausokota mlango kila unapoinuka, na bawaba ya upande mmoja ndiyo inayolipa. Nguvu yake imeandikwa kwa newtoni kwenye bomba, zilingane. Mlango ukiwa umefungwa, fimbo ielekee chini, ili mafuta yakae kwenye sili yake. Ukishazifunga pima mianya upya. Kama imebadilika zaidi ya nusu milimita, kuna bolti haijakazwa au bawaba inayocheza.

Kabla ya kwenda kwa mpaka rangi

Mlango utatolewa tena ili kingo zipigwe rangi, na hapo ndipo kazi yako yote inaweza kupotea. Toboa tundu la milimita 3 kupitia bapa la bawaba na bati la mlango chini yake, moja kwa kila bawaba, na vilevile upande wa bodi kama bawaba nayo itatoka. Siku ya kurudisha, chomeka biti ya 3 kwenye tundu kabla ya kukaza bolti, mlango utakaa palepale. Mwombe mpaka rangi asiyazibe, na mwishoni uyajaze nta ya kuzuia kutu.

Moshi

Hili ndilo linalonifanya niandike kwa urefu. Nyuma ya T3 ni ukuta uliosimama; gari likienda mbio hewa nyuma yake hupungua nguvu na kunyonya kila kinachoelea hapo, vumbi la barabara ya changarawe pamoja na gesi ya ekzosi. Harufu unayoisikia ni ya mafuta yasiyoungua vizuri. Kaboni monoksaidi inayosafiri nayo ni gesi ya sumu isiyo na harufu, na gari hili ni chumba cha kulala. Mpaka likamilike, usiliendeshe watu wakiwa wamelala nyuma, na usiwashe injini kwa ajili ya betri watu wakiwa ndani.

Mlango ukishapangwa, usidhani moshi umekwisha. Injini ya T3 iko chini ya sakafu ya nyuma, na kifuniko chake kiko ndani, chini ya godoro. Mpira wa kifuniko hicho ukiwa umekauka au skrubu zake zikikosekana, mlango mzuri kiasi gani hautasaidia. Angalia na matundu ya waya za taa za nyuma, vizibo vya mpira vilivyosahauliwa wakati wa kuchomelea, na maungio ya ekzosi yenyewe: masizi meusi kwenye flenji (bapa za kuunganishia mabomba) ni ushahidi wa kuvuja.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, funga madirisha yote na washa feni ya hewa ya mbele kwa nguvu ya mwisho. Kaa nyuma na kijiti cha udi kinachofuka, ukipitishe polepole kando ya mpira wote wa mlango na kuzunguka kifuniko cha injini. Moshi unaopanda wima hauna habari. Ukipinda na kukimbilia mwanyani, tia alama ya tepu hapo. Baada ya hapo endesha kilomita chache barabara ya vumbi, ufungue mlango: mistari ya vumbi iliyovuka mpira kuingia ndani itakuonyesha kilichobaki. Maji yaje mwisho, kwa bomba lisilo na presha, ukianza chini na kupanda taratibu, mtu akiwa ndani na tochi.

Nunua pia king'ora cha kaboni monoksaidi chenye alama ya EN 50291-2, ambacho kimetengenezwa kwa magari ya kulala na boti. Kile cha nyumbani hakikujaribiwa kwa mitikisiko na mabadiliko ya joto ya gari. Kifunge karibu na kimo cha kichwa cha aliyelala.

Ukimaliza, chora mstari mmoja wa rangi unaovuka kila kichwa cha bolti na bapa lake. Baada ya kilomita 500 za kwanza, hasa zikiwa za barabara ya matuta, fungua mlango uitazame. Mstari uliovunjika ni bolti iliyozunguka: chomeka biti ya 3, kaza upya, na upime mianya kwa zilezile biti za drili.